Suruali Niliyokataa Kuipunguza

Sogeeni, wanangu, na huyo anayechungulia simu aizime, maana sauti niliyobaki nayo si ya kurudia maneno. Msinilie. Wanaolia kwa mdomo huku macho yanazipima kuta za nyumba nimewaona tangu asubuhi. Nimekuwa fundi cherehani kwa miaka arobaini na moja, na kupima kwa macho ndiyo kazi iliyowalisha.

Jana mchana mlidhani nimelala. Mlisimama hapo mlangoni mkinong'onezana kwamba mama yenu mdogo, mke wangu, amenitilia kitu kwenye chakula, ndiyo maana macho yamekuwa manjano na ngozi inaniwasha mpaka najikuna damu. Nilisikia neno kwa neno. Nimewakasirikia, tena sana, lakini upumbavu huo hamkuuokota njiani, mmeurithi kwangu.

Sikilizeni basi nisilowahi kuwaambia. Babu yenu alikufa hivi hivi: alikonda, tumbo likamuuma mpaka mgongoni, macho yakageuka rangi. Baada ya miaka tisa akafuata kaka yangu, baba yenu mkubwa, kwa njia ile ile. Tukasema kikulacho ki nguoni mwako, tukamtazama shangazi yenu, kwa kuwa ndiye aliyewapikia na kuwauguza wote wawili. Mimi, kwa mikono hii, nilitoa godoro lake nje mvua ikinyesha, nikamfungia mlango dada yangu wa tumbo moja. Akaniambia, "Siku ukiumwa utanikumbuka." Nami, kwa akili zangu, nikayachukua maneno hayo kuwa ushahidi.

Shangazi yenu akaenda, ugonjwa ukabaki. Mwaka jana suruali ilipoanza kunipwaya, nilifanya nini? Niliketi kwenye cherehani nikaipunguza kiuno. Baada ya wiki chache nikaipunguza tena. Mara nne, wanangu, tena kwa mshono safi, hata nyinyi mnaokula nami sahani moja hamkujua, na wateja wakanisifu kwamba nimerudia ujana. Sukari ikanipanda ghafla, mimi ambaye sikuwahi kuwa nayo, nikasema ni uzee. Mgongo nikausingizia kiti. Mficha maradhi, kifo kitamuumbua, na mimi yangu niliyaficha kwa sindano na uzi.

Daktari aliyenipokea ni binti mdogo kuliko kitinda mimba wangu, lakini aliniuliza ambalo hakuna aliyewahi kutuuliza: nani mwingine kwenu alikufa hivi? Nilipomjibu aliweka kalamu chini. Akasema ni saratani ya kongosho, kiungo kilichojibanza nyuma ya mfuko wa chakula, na mara nyingi haipigi kelele mpaka imekwisha kusambaa. Ingekutwa ikiwa ndogo, pengine wangeikata. Hakuniahidi miujiza. Alisema hakuna kipimo cha kumpima kila apitaye barabarani, lakini ukoo uliozikana namna hii usikae kimya, watu wa damu yake waende wakaeleze, wafuatiliwe kabla hawajaumwa.

Basi nawausia hivi. Nyumba ni ya mke wangu mpaka Mungu amchukue, na atakayemwita mchawi hana radhi yangu, niwe hai au niwe udongoni. Kitinda mimba, hiyo sigara uliyoificha mfukoni naisikia harufu yake. Babu yako alivuta, baba yako mkubwa alivuta, mimi nimevuta, na daktari amesema moshi huo huulisha ugonjwa huu. Iache, au usije kusimama kwenye kaburi langu na kujifanya una uchungu. Binti yangu, chukua daftari langu la vipimo vya wateja, kwenye kurasa tupu andika nani kwetu alikufa, kwa umri gani, alianza vipi, na wajukuu wakikua walisome kabla ya kupewa kitu changu chochote.

Kisha mtafuteni shangazi yenu. Mpigieni magoti kwa niaba yangu, na akishawatukana, maana ana haki, mwambieni naye akapimwe. Damu ni moja. Tulimfukuza mtu tuliyepaswa kumwonya, na hilo linaniuma kuliko tumbo.

Nipeni maji. Kidogo tu.

Kifungua mimba, njoo karibu, kwa ajili yako ndiyo nimewaita wenzako. Wiki mbili zilizopita uliniletea hapa kitandani suruali yako ya kijivu, ukacheka, ukasema, "Baba, nipunguzie kiuno, siku hizi nimekuwa mwepesi." Nikakupitishia tepu. Inchi tatu, mwanangu, na suruali hiyo niliishona mwenyewe mwaka huu. Ulinilaumu kila siku kwamba nimekuwa mvivu. Sikuwa mvivu. Iko pale juu ya cherehani, na cherehani ni yako, ila usiketi kwenye kiti chake kabla hujarudi na karatasi ya hospitali. Usimpelekee fundi mwingine. Ivae kesho asubuhi, ishike kwa mkono isianguke, watu wacheke, uende nayo hivyo hivyo mpaka mbele ya yule binti daktari, umwambie wewe ni mtoto wa nani.

Ukiahirisha kwa ajili ya mazishi yangu... sitakusamehe. Wanizike wengine.

Mungu awakinge, nyote, hata nyinyi wabishi. Awape... awape macho mapema. Mkono wako uko wapi? Hapo. Na mkanda, mwanangu... mkanda uache nyumbani.