Chungu cha Mwatum

Nyumba yetu ya Ngamiani ilikuwa na baraza mbele, ila baraza ile haikuwa yetu, ilikuwa ya wanaume. Enzi za Mwingereza hizo, mwaka katani ilipoporomoka bei. Wakishaswali alasiri, hao, wamekaa, na kahawa ya Mwinyijuma, muuza kahawa wetu, inazunguka. Mimi niko ndani, nyuma ya dirisha, namsugua wifi yangu Mwatum vidole kwa mafuta ya nyonyo. Kila asubuhi vilivimba kama ndizi mzuzu, na mashavuni palimwiva wekundu, pande zote mbili za pua. Hospitali walisema baridi yabisi, wakampa vidonge. Mwenyewe ndiye aliyegundua kwamba akila mkate wa boflo, usiku halali kwa maumivu. Akaliacha, akapata nafuu kidogo. Basi mumewe, kaka yangu Idarusi, akaenda kulisema hilo barazani.

— Si nilikwambia? akasema Massoud, Mpemba wa karafuu, tukimwita Bwana Hekima maana hakuna asilolijua. Boflo lilikuwa mwanzo tu. Sasa mwachishe samaki.

— Samaki! Mwanamke kazaliwa Tongoni kwa wavuvi asile samaki?

— Ndio hao hao. Wamerundikana tangu utotoni, sasa wanatokea kwenye viungo.

Wakacheka. Idarusi hakucheka. Boflo lilikuwa kweli. Na kama haya nayo ni kweli?

— Dada! akaniita dirishani. Leo usimpe samaki.

— Juzi mayai, Mwatum akaninong'oneza. Jana maharage.

— Na nazi je? Mwinyijuma akauliza, huku anamimina. Mama alikuwa akisema nazi inalegeza mifupa.

— Mamako mwenyewe alikuwa na mifupa? Si ulimi mtupu!

— Cheka wewe. Mize wa Mwera kala wali wa nazi mpaka magoti yakamgeuka.

— Mize aligongwa na baiskeli, we bwana!

— Na kwa nini baiskeli imgonge yeye? Magoti hayakumkimbiza!

— Dada! Na nazi acha.

Kulikuwa na Zebedayo, mtu wa bara, mkata katani. Walimwita Kipande, kwa ile kadi ya kazi asiyoachana nayo hata siku ya mapumziko. Siku zote akinywa kimya. Siku ile akasema.

— Kambini kwetu alikuwepo dada mmoja, Yudith. Vidole hivyo hivyo. Mashavu hayo hayo. Mzee mmoja akatuambia, huyu damu yake imemsahau. Inamwona mgeni ndani ya mwili wake mwenyewe, inampiga. Mwili unajila.

— Astaghfirullah! Unaanzia wapi?

— Vidoleni. Halafu unaingia ndani. Akavimba miguu, mkojo ukakatika.

Mwatum akavivuta vidole vyake mikononi mwangu. Nikavishika tena, nikaendelea kusugua.

— Alikuwa akila nini? akauliza kaka yangu.

— Tulimkataza hiki, tukamkataza kile. Mwisho ukabaki uji wa mtama.

— Akapona?

Kipande akatazama ndani ya kikombe.

— Tulimzika Jumapili.

Mwinyijuma akaweka vikombe chini. Kisha Bwana Hekima akakohoa.

— Basi ni huo mtama! Mwachishe mtama.

— Na chumvi, akadakia Mwinyijuma. Chumvi inakata damu.

— Na muhogo!

— Dada! akaita Idarusi, kama mtoto aliyepotea sokoni. Dada, umesikia?

Kabla sijaitika, Mwatum alikuwa ameinuka. Bangili yake ikateleza mpaka kiwikoni. Akajivuta na ukuta hadi mlangoni, kanga kichwani, yeye ambaye tangu augue hajatoka nje. Wanaume wakainamisha macho.

— Shikamooni.

— Marahaba, mama.

— Nimewasikia, baba zangu. Sina ubishi. Ila njaa inaniuma kuliko hivi vidole. Leo nile nini?

Massoud akamtazama Kipande. Kipande akaitazama njia. Mwinyijuma akainua dele awaongeze kahawa, likatoka tone moja na machicha.

Nikapita uani. Chungu nilikiteleka tangu adhana ya alasiri, nikingoja kuambiwa nipike nini. Maji yalikuwa yanatokota, maji matupu. Nikashika upawa, nikasimama, nikitega sikio kaka yangu aniite.

Hakuniita.