Shemasi Omer na Neno la Kuiba

Wachungaji, wazee wa kanisa, majirani wa mtaa wa Lozells na ninyi wachezaji wa timu ya Vipanga mliokuja na jezi zenu, aliyelala mbele yetu ni Papa Omer Mushagalusa, ambaye asubuhi ya Jumamosi ile alikunywa chai, akabishana na mkewe kama mvua itanyesha au la, akatoka akiwa mzima, na mpaka leo ulimi wa familia unakataa kumwita marehemu.

Omer alizaliwa tarehe 9 Machi 1974 huko Kabare, Kivu Kusini, akasoma shule ya msingi hapohapo, akamaliza sekondari Bukavu mwaka 1993, akafundisha hesabu hadi vita vya 1998 vilipomkimbiza Uganda, na kule Mbarara mwalimu mmoja Mjapani, aliyehitaji tu mtu wa kumbebea mipira, akamfundisha besiboli, mchezo wa kupiga mpira kwa gongo na kukimbia vituo vinne. Tarehe 6 Januari 2001 alifunga ndoa na Mama Valérie, wakajaliwa Héritier mwaka 2002 na Sylvie mwaka 2005, na Novemba 2010 wakafika Birmingham, ambako aliendesha basi mpaka mwisho wa maisha yake.

Vipanga wa Lozells aliwaanzisha mwaka 2014, vijana wa Kongo na Wasomali waliokulia Kenya, wasiojua gongo linashikwa upande gani, wakapoteza mechi zote za msimu wa kwanza wakiwa wamevaa jezi nzuri alizowashonea jirani Amarjit, mwaka 2016 wakaingia ligi ya chini kabisa, na mwaka 2018 wakapanda daraja. Katikati ya hayo, mwaka 2015, kanisa lilimweka wakfu kuwa shemasi.

Sasa sikilizeni yaliyotokea Mei 2019. Katika besiboli, mkimbiaji anayewahi kituo cha mbele bila kungoja mpira upigwe husemwa ameiba, na ni halali kabisa, na Omer, mtu wa kutafsiri kila kitu, alikuwa akimpazia sauti Sahal, mmoja wa vijana wale wa Kisomali, "Iba, Sahal, usimwogope, iba!" wakati mama mmoja wa kanisa anapita na mifuko yake ya sokoni. Jumapili baraza la wazee likamwita, Papa Néhémie akamuuliza, "Shemasi, ni kweli unafundisha watoto kuiba?" naye, kwa kuwa hakujua uongo hata ule mdogo wa kujiokoa, akajibu, "Ni kweli, Papa, lakini tunaiba kwa sheria." Akavuliwa ushemasi kabla chai ya wazee haijapoa, na kwa miaka sita hakuna mzee hata mmoja aliyepanda basi kwenda uwanjani kujionea.

Alijaribu kutii. Akabadilisha neno, akasema "Kopa!", Sahal akasimama katikati ya vituo akiuliza, "Kocha, nikope nini?" na akatolewa nje huku hata mwamuzi anacheka, ndipo Omer akaachana na maneno, akachagua ishara, mkono wa kulia juu ya kifua.

Hapa huja sehemu ya ugonjwa, na haipo, kwa sababu hakuugua. Tarehe 14 Juni 2025, kwenye mechi huko Acocks Green, timu zikiwa sare, Omer aliweka mkono kifuani, na Sahal akakimbia. Akaiba kituo vizuri kuliko siku zote, akageuka autafute uso wa kocha wake, akamkuta ameketi kwenye nyasi, halafu amelala. Daktari ametuambia kwamba hata angekimbiliwa papo hapo moyo ule usingerudi, na tunataka Sahal alisikie hilo mbele ya watu wote.

Jumatano hii baraza lilituletea ratiba ya ibada, neno Shemasi limefutwa. Sahal, ambaye ni Mwislamu, akaomba sahani nne jikoni, akazipanga juu ya zulia la wafiwa, akamsimamisha Papa Néhémie kwenye ya kwanza, akamwambia, "Mzee, ukifika hiyo ya pili kabla ya mpira, umeiba. Sasa angalia, kuna kitu ya mtu imepotea?" Papa Néhémie akazitazama sahani, akasema, "Kumbe ni hivi tu?" kisha akaahidi kwamba baraza litalijadili baada ya mazishi. Baada ya mazishi, wapendwa.

Familia inawashukuru madaktari na watu wa ambulansi, madereva wenzake, Amarjit na majirani waliotupikia, na timu pinzani iliyoweka magongo chini na kupiga magoti. Tunalishukuru pia baraza la wazee, lililoketi mstari wa mbele, na kulikumbusha kwamba jeneza linapoinuliwa sisi sote husimama, ila leo familia itahesabu kusimama huko kuwa ni kura, hivyo anayeamini kwamba huyu hakuwa shemasi, na abaki kwenye kiti chake.

Pumzika kwa amani, Shemasi Omer. Wabebaji, inueni.