Kukagua ni Kazi ya Wote

Benchi lile limeegemea ukuta mkabala na geti la hospitali, na wanaolikalia hawajui kunyamaza hata kwa dawa. Jioni hiyo Waya alikaa pembeni kabisa, kahawa inampoa mkononi. Ndiye mlezi wa chumba cha mitambo ya kompyuta, humo mna kumbukumbu za kila mgonjwa. Kamati ya hospitali iliamua kumbukumbu hizo zihamie kwenye wingu, yaani kwenye kompyuta za watu wa mbali huko mtandaoni, na majukumu yakagawanywa kwa makofi. Yeye akapewa kuzima mitambo ya zamani. Siku yenyewe ndiyo hii, na moyo ulikuwa unamkatalia.

— Hebu rudia, — alisema Kamusi, karani mstaafu mwenye majibu ya kila kitu. — Nani kapewa nini?

— Mkurugenzi, kiongozi. Mhasibu, usalama.

— Mhasibu na usalama wapi na wapi?

— Ofisi yake ndiyo yenye kufuli zima.

Breki, dereva wa gari la wagonjwa, akaangua kicheko mpaka kahawa ikamwagika.

— Vijana wawili wa mkataba, kuhamisha, — Waya aliendelea. — Wamemaliza mchana, wakaaga. Mimi, kuzima.

— Na wa kukagua kama vitu vimefika?

— Hapo kila mtu alimsukumia mwenzake. Mkurugenzi akasema yaishe, kukagua ni kazi ya wote.

— Safi sana! — Kamusi alipiga goti lake. — Akikagua mmoja, anaweza kukosea. Wakikagua wote, nani atakosea?

— Achana na huyo, — Breki alidakia. — Nyinyi mnachezewa shere. Huko juu hakuna kompyuta wala nini. Majina yetu yanauzwa! Kuna mtu huko anajua presha yangu kabla ya mke wangu.

— Mkeo ndiye presha yenyewe.

— Cheka tu. Na waliokufa je? Wakishapandishwa huko, mashine itawaita kliniki. Utakaa foleni na marehemu!

— Mwakani wagonjwa nao watahamishwa, — Kamusi alisema, hataki kushindwa. — Mtu analala kwake, anapasuliwa kwa mtandao. Na gari lako litapaa, Breki.

— Litapaa na mafuta gani, bwana wee?

Waya hakucheka. Akigoma kuzima, watasema anang'ang'ania chumba kwa sababu ndicho kinachomlisha. Na kweli kinamlisha, yeye na watoto wake. Ndiyo maana kikaoni alimeza maneno.

Mwanamke mmoja, kanga mabegani na chupa ya chai mkononi, alikuwa amesimama akingoja muuza kahawa wa hapo amjazie. Hawakuwa wakimfahamu.

— Samahanini, kaka zangu. Nimewasikia. Mume wangu amelazwa humo ndani. Kuna sindano walimchoma mara ya kwanza, nusura nimpoteze. Daktari akaandika kwenye kompyuta asichomwe tena. Hayo maandishi yamefika huko?

Breki akamtazama Kamusi. Kamusi akaitazama barabara.

Waya akatoa simu, akampigia mkurugenzi.

— Bosi, sijazima bado. Naomba usiku mmoja tu, nifungue majina ya waliolazwa, nione kama yamefika.

— Waya, hilo tulilimaliza. Ni kazi ya wote.

— Na mimi ni mmoja wao, bosi. Mimi sijaona. Wewe umeona?

— Usijisumbue, — sauti ilisema, kwa upole kabisa. — Tulijua utasitasita. Mhasibu ameshazima. Huko kwenye wingu bado panasumbua kufunguka, lakini watu wanalishughulikia.

Simu ikakatika. Mwanamke alikuwa bado anamwangalia, anangoja.

— Yamefika, kaka?

— Sijui, dada yangu. — Waya aliinuka, akamshika mkono. — Rudi wodini sasa hivi. Kaa kitandani kwake. Kila atakayekuja na sindano, mwambie kwa mdomo wako. Usilale.

— Mpaka lini?

Mwanamke hakungoja jibu, alivuka barabara mbio na chupa yake tupu.