Nyumba Isiyofiwa

Ndugu waombolezaji, ninyi mliokaa karibu na maiti, na ninyi mliosimama kule juu ya ngazi mkijifanya mmekuja kutazama mto, historia hii inasomwa na Hiramaya, mdogo wake marehemu, kwa sababu mwenye haki ya kuisoma, kaka yetu mkubwa Nuchheman, amesema nyumbani kwake hakuna aliyekufa.

Marehemu Astaman Maharjan alizaliwa tarehe 11 Februari 1971 hapahapa Patan, mtoto wa pili kati ya watatu wa mzee wetu mchonga mbao, akaanza shule mwaka 1977, akafika darasa la nane, na mwaka 1985 akaacha masomo, si kwa uzito wa kichwa, la, bali kwa sababu macho ya baba yalikuwa yanafifia na mkono wa kushika patasi ulihitajika, na tangu hapo hadi ugonjwa ulipomlaza alichonga madirisha ya karibu nusu ya mtaa huu, na wenye madirisha hayo wanajijua.

Tarehe 2 Novemba 1990 aliingizwa katika guthi, chama chetu cha mazishi cha mtaa, ambapo nyumba ikifiwa mwenye nyumba hupeleka habari, na hapohapo watu hufika na machela ya mianzi, sanda na kuni za kumchomea maiti, na katika guthi hiyo marehemu ndiye aliyekuwa fundi wa kufunga machela, kwa kuwa fundo lake halikuwahi kulegea njiani, na aliwabeba wazee wenu, mama zenu, na mmoja wenu aliyesimama pale juu alibebewa mtoto wake wa miezi saba, kifuani, bila machela.

Kuhusu ndoa, mwaka 1996 alitafutiwa mchumba kutoka Kirtipur, akaenda mwenyewe kwa yule binti siku tatu kabla ya harusi, akamwambia kwamba moyo wake uko kwa wanaume na hataki kumharibia maisha, harusi ikavunjika, baba akamkataza kukanyaga jikoni, yaani asile tena na nyumba, na yule binti, ambaye leo ni mama wa watoto watatu, ameketi pale nyuma na shada lake la maua, amekuja kwa miguu. Mwaka 2002 marehemu alikutana na Phurba Tamang, dereva wa lori la mchanga, wakaishi pamoja miaka ishirini na miwili katika chumba kilicho juu ya karakana, na kama hiyo si ndoa, basi wengi wetu hapa hatujawahi kuolewa.

Marehemu hakuacha mtoto wa kuzaa.

Mwezi Mei 2006 alianza kujitolea katika kikundi kinachotetea usawa wa watu kama yeye, na wa wale ambao mwili waliozaliwa nao haukuendana na nafsi zao, na kazi yake haikuwa kubwa wala ya magazetini, alikuwa akiwasindikiza watu ofisini kuomba vitambulisho, akipanga nao foleni tangu asubuhi, na siku moja karani alipomfokea, "Huyu ni nani wako wewe?" akajibu, "Ni mtu, mheshimiwa, au watu wanahudumiwa dirisha jingine?" na foleni nzima ikacheka, na kitambulisho kikatoka. Kila mwaka siku ya Gai Jatra, nyumba zilizofiwa zinapotoa mtu aandamane na ng'ombe kwa ajili ya marehemu wao, Astaman asubuhi aliandamana kwa niaba ya vikongwe wasio na mtu, na mchana akashika bango na wenzake wa kikundi, na mwaka ule wa kwanza kaka Nuchheman alipomkuta njiani akamwambia, "Huoni haya, mbele za watu?" marehemu akamjibu, "Naona jua kali tu, kaka, shika bango hili upate kivuli."

Baada ya bango hilo, guthi ilimnyima nafasi kwenye karamu zake. Maiti za kubeba iliendelea kumpa. Miaka kumi na minane alibeba wafu wenu asubuhi, na jioni mlipokaa kula na kunywa pombe yenu ya aila, yeye alikula na Phurba.

Mwezi Oktoba 2022 alianza kukohoa, vumbi la mbao lilikuwa limeshajaa mapafuni, tarehe 14 Juni 2024 akalazwa, na tarehe 29 Juni, saa tatu asubuhi, akafariki mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Phurba. Saa tano nilifika kwa kaka Nuchheman, nikamkuta anamenya maharage, nikamwambia, "Kaka, Astaman ametutoka, peleka habari kwenye guthi," akasema bila kuinua uso, "Astaman gani? Hapa kwangu tuko wote," nikaenda guthi mwenyewe, wakaniambia, "Dada, wewe umeolewa Banepa, guthi yako iko kwa mumeo," na Phurba alipoenda wakamuuliza, "Wewe Mtamang, ni wa nyumba gani?" Siku mbili, jamani, katika joto hili la Juni, mtu aliyewabebea wafu wenu miaka thelathini na minne amelala karakanani, tulikomrudisha kutoka hospitali, juu ya meza yake ya kuchongea akisubiri machela.

Waliokuja kumchukua ni watu kumi na mmoja wa kikundi, wanawake kwa wanaume, na hakuna hata mmoja aliyewahi kufunga machela, kamba ikalegea mara mbili darajani, tukamteremsha, tukafunga upya, na angetuona angetutukana mpaka basi.

Tunawashukuru madaktari, na hasa muuguzi yule ambaye, mbele ya jina la Phurba, aliandika "mtu wa nyumbani" bila kuuliza swali la pili. Tunawashukuru wenzake wa kikundi, mabega yenu yamevimba na tumeona. Tunawashukuru pia majirani, ambao tulipopita na maiti walifunga madirisha yao polepole, bila kishindo, madirisha aliyoyachonga yeye.

Gai Jatra ni mwezi wa nane. Nyumba ya Nuchheman haitatoa mtu, maana haikufiwa. Chumba cha juu ya karakana kimefiwa, na Phurba ataandamana na ng'ombe wake chini ya kila dirisha la mtaa huu, nami nitakuwa ubavuni mwake, Banepa au si Banepa.

Phurba, shemeji yangu, inuka uwashe kuni, moto ni wako, usimwangalie mtu.

Kaka Astaman, pumzika sasa. Habari ya kifo chako nimeipeleka mimi, na wale wa juu ya ngazi wameisikia.