Bibi Yustina na Pipa Linalojiosha

Baba Padri, ndugu, majirani na wote mliofika hapa Kihonda, wazee wangu shikamooni, mimi naitwa Abel, mjukuu wa marehemu kwa binti yake Rahel, na familia imenichagua niisome historia hii ingawa wajukuu wenye digrii wamekaa pale nyuma na miwani yao, nadhani sababu mnaiona, sauti ninayo, halafu marehemu alikuwa mke wangu, kwa hiyo nikimtania leo mtanivumilia, maana yeye hakuwahi kuniacha nipite hivihivi.

Marehemu Yustina alizaliwa tarehe 14 Machi 1954 katika kijiji cha Nyandira, Mgeta, huko juu kwenye baridi, akiwa mtoto wa pili wa mzee Ezekiel, nyuma ya dada yake Theresia, huyu mnayemwona amekaa kwenye mkeka, na wawili hao walilala kitanda kimoja mpaka walipoachana kwa kuolewa. Alisoma hukohuko hadi darasa la nne, mwaka 1966, jambo ambalo halikumzuia kunicheka mimi niliyeishia kidato cha pili, akisema, "Mume gani huyu, hata shule imemshinda," nami nikimjibu kwamba shule ndiyo iliyonishindwa mimi.

Mwaka 1973 alishuka Morogoro mjini, akaajiriwa katika kiwanda kimoja cha nguo, upande wa rangi, akafanya kazi hadi kilipofungwa mwaka 1994. Tarehe 8 Mei 1976 alifunga ndoa na mzee Castory, mfanyakazi wa reli kituo cha Ngerengere, wakajaliwa watoto wawili, Deogratias na Rahel, na wajukuu saba, ambao kati yao mzuri kuliko wote ndiye anayewasomea. Mzee Castory alitutoka Agosti 2009.

Mwaka 2013 marehemu alianza kufuga sato kwenye matangi nyuma ya nyumba hii, na kwa kuwa maji ya bomba mtaani kwetu huja yakijisikia, maji yalikuwa yaleyale, yanatoka kwa samaki, pampu inayasukuma kwenye pipa la mchanga linalochuja uchafu, yanarudi kwa samaki. Tatizo lilikuwa pipa hilo, mchanga huziba kwa kinyesi na mabaki ya chakula, maji yakikwama samaki wanakufa, kwa hiyo bibi aliliosha kwa mikono yake alfajiri na jioni, Pasaka na Krismasi, hakumwamini mtu mwingine, na tangu mwaka huo hakulala tena nje ya nyumba yake. Dada yake, ambaye miguu ilishakataa kushuka milima, alikuwa akituma maneno kwa magari ya mboga, "Mwambieni Yustina mimi siyo sato, sina mapezi, lakini na mimi nataka kuangaliwa," na bibi akiletewa maneno hayo alicheka, kisha akaiacha chai yake ikapoa.

Hapo ndipo nilipoingia mimi, fundi wa gereji ya Msamvu, mwaka 2022, nikamwahidi mbele ya mjomba Deogratias kwamba pipa litajiosha lenyewe, ili akamwone dada yake wote wawili wakiwa hai. Jaribio la kwanza lilikuwa na dosari ndogo ya kitaalamu, njia ya uchafu ilifunguka ikagoma kujifunga, vifaranga vya sato vikaenda hadi kwenye mchicha wa jirani yetu mzee Stambuli, na bibi akasimama mikono kiunoni, akasema, "Fundi, sasa mchicha unaota macho."

La pili ndilo hili lililopo. Mchanga ukiziba, maji yanapanda kwenye bomba la pembeni, yanainua boya, boya linafungua njia, maji ya pipa la akiba nililoliweka juu yanashuka kwa nguvu na kuusukuma mchanga kutoka chini, uchafu wote unatoka kwa kishindo kwenye migomba, halafu linajifunga, bila umeme, bila mtu, ni boya la tangi la choo na akili yangu tu. Kishindo hicho bibi alikiita kikohozi. Alikaa kwenye kigoda mbele yake kuanzia Januari hadi Aprili 2023, akilivizia likosee, lisikosee, akakasirika kidogo, kisha mwezi Mei akapanda gari la mboga kwenda Nyandira kwa siku mbili, akakaa wiki mbili. Kila asubuhi alinipigia, wala siyo kunijulia hali, "Limekohoa?" nami nikiweka simu karibu na bomba, nikimsikia anamwambia dada yake, "Limekohoa," na Bibi Theresia anajibu, "Basi kaa, uji unapoa."

Alipanda tena mara nne, hadi moyo ulipoanza kumsumbua Oktoba 2024. Tarehe 28 Mei 2025 alilazwa, na Bibi Theresia, yule wa miguu iliyokataa, akabebwa kwa machela hadi barabarani, akafika mdogo wake akiwa bado anamtambua. Jumatatu tarehe 9 Juni, asubuhi, alifariki, dada yake akiwa amemshika mkono.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, wenzake wa kiwandani waliofika na mikongojo yao, mafundi wenzangu wa gereji, na majirani, hasa mzee Stambuli aliyeleta turubai na mikeka kabla hatujamwomba, na mchicha pia.

Bibi, tangu Jumatatu tuko msibani, hakuna aliyeligusa pipa lako. Wageni waliolala uani wamelisikia, wapo waliotimua mbio, majina ninayo. Nimechungulia matangi leo kabla sijavaa shati hili, sato wote wazima.

Limekohoa, mke wangu. Basi kaa hukohuko, usiinuke kuja kuangalia. Pumzika kwa amani.