Spiriti Kwenye Sweta la Baba Atupele

Bwana asifiwe, ndugu zangu wa Ikuti. Leo mwitikie polepole, maana nimesimama na hasira, na hasira yenyewe inaanzia kwangu mimi.

Mnamjua mume wangu, Baba Atupele. Kwa miaka mingi gongo ilimla. Aliuza hata ndama wetu angali ananyonya, ng'ombe akalia zizini siku tatu. Mkamwombea, nami nikafunga, Bwana akamfungua. Tangu masika hajaonja.

Sasa tuseme ukweli. Alipokuwa mlevi tulimwonea huruma. Alipoacha, tukaanza kumchunguza kama mwizi. Kila akirudi nyumbani nilimwambia, "Njoo karibu unisalimie." Alijua nataka kumnusa mdomo. Alikuja, akanisalimia. Na ninyi mlioimba haleluya mkanisimamisha njiani, "Bado hajarudia?" Bado! Kumbe mlikuwa mnasubiri.

Mwezi uliopita, kwa mara ya kwanza, nilimwachia ndoo ya maziwa apeleke kituoni, pale tunapouzia maziwa. Akarudi sweta linanuka kilevi hasa. Sikuuliza. Nilipiga kelele mpaka majirani wakajaa, nikatupa nguo zake uwanjani na mvua inanyesha, binti yetu Atupele anatazama. Mzee mmoja wa kanisa hili, naye ananiangalia sasa hivi, akasema, "Nilijua tu." Mume wangu alisema neno moja, "Mama Atupele, twende kituoni."

Tukaenda. Pale maziwa hupimwa kwa kutiwa spiriti kidogo, yakiganda, yanakataliwa. Mpimaji aliponiona nimefura akasema, "Mama, nisamehe. Chupa ilinitoka mkononi asubuhi, spiriti yote ikammwagikia baba. Maziwa yake yalikuwa mazuri."

Ndugu zangu, sisi ni wafugaji. Nani hapa hajawahi kuona chupa ile ya spiriti? Wote tunaijua, na siku ile hakuna hata mmoja aliyeikumbuka. Inaniuma mpaka leo.

Nilimwomba msamaha palepale, watu wakiwa kwenye foleni na ndoo zao. Akashika njia ya nyumbani. Alitembea mbele njia nzima, nami nyuma nimebeba ndoo tupu. Tulipofika kwenye migomba yetu akageuka.

"Kesho utanipa tena?"

"Kesho, na kesho kutwa," nikamwambia.

Yeye, Mungu alimfungua kwenye gongo. Mimi alinifungua siku ile, maana nilikuwa mfungwa wa pua yangu mwenyewe. Namshukuru kwa kunipa mume mvumilivu kuliko nilivyostahili.

Kama nyumbani kwako kuna mtu anayeinuka, mtumaini Mungu, kisha mkabidhi mtu huyo kitu unachokipenda. Utaogopa. Mkabidhi hivyohivyo.

Mnaona Baba Atupele hayupo kwenye benchi lake. Ametangulia kituoni na maziwa ya leo, ataingia sasa hivi. Akiingia ananuka spiriti, mpeni mkono, mumpishe akae.

Ndaga, Kyala. Asante, Mungu wangu.