Salamu Zilizojaza Kanda: Kumuaga Bi. Jedida Kioko

Ifikapo tarehe 30 Novemba 1987, Bi. Jedida Kioko atakuwa ametimiza miaka kumi na tisa ya kufundisha katika kituo chetu cha mafunzo ya hoteli hapa Sabaki, na siku hiyo hiyo atastaafu. Mimi Masha, ninayefundisha upishi darasa la pili kutoka lake, nasema wazi kwamba habari hii sikuipenda.

Alitujia akitokea mapokezi ya hoteli moja ya Malindi, ambako alijifunza Kiitaliano kwa kuwasikiliza wageni. Kiitaliano chake kilikuwa safi. Kiswahili chake cha Machakos, kwetu watu wa pwani, kilikuwa burudani. Alikusalimu kwa neno moja, na kabla hujaitikia vyema, keshakutuma kazi. Wanafunzi walimtania, naye alicheka kuliko wao.

Mwaka 1982, Bi. Carla, mwalimu kutoka Italia aliyekuja mapumzikoni, alikubaliana naye jambo: wanafunzi wa huku wajifunze Kiitaliano na wa kule Kiswahili, kwa kupelekeana kanda za kaseti. Redio ya kurekodia ilikuwa ya Bi. Jedida mwenyewe, na kanda zilibebwa na wageni waliokuwa wakirejea kwao.

Kanda ya kwanza nusura izue ugomvi. Wanafunzi walitakiwa wajitambulishe na kueleza kazi za hoteli. Kahonzi akaanza: "Hamjambo huko? Mu wazima? Baba hajambo? Mama hajambo? Wazee nao, wameamkaje?" Mapenzi akafuata vivyo hivyo, kisha darasa zima, maana nani angekubali kuonekana hakufunzwa adabu kwao? Kanda ikaisha hoteli haijatajwa. Bi. Jedida alifoka, akataka irekodiwe upya, lakini gari la mgeni wa kuipeleka lilikuwa langoni likipiga honi. Ikaenda ilivyo.

Waitaliano waliitikia kila salamu. Kijana mmoja, Paolo, alieleza kwa Kiswahili cha kusoma kwenye karatasi kwamba nyanya yake ni mgonjwa. Tangu hapo hakuna kanda iliyotoka Sabaki bila kumuulizia bibi huyo, na wanafunzi wetu walikazana na Kiitaliano ili wamuulizie kwa lugha yake. Alipofariki, walitoa pole mmoja baada ya mwingine. Paolo aliwajibu, safari hii bila karatasi: "Nishapoa, ndugu zangu." Nilikuwapo walipoisikiliza. Ngala, mbishi wa darasa, alitoka nje kufuta macho. Bi. Jedida hakufoka tena juu ya salamu.

Wengi waliopita mikononi mwake leo wako mapokezi na mezani katika hoteli za Malindi hadi Kilifi, na wageni huwauliza waliishi Italia kwa muda gani. Yeye mwenyewe siku hizi husalimu mpaka chai inapoa.

Ndiyo maana tunaumia. Aliomba mara kwa mara apewe mwalimu kijana amrithishe kazi, akaambiwa asubiri. Sasa mkuu wetu ametangaza kwamba nafasi yake haitajazwa, na kipindi cha kanda kimeondolewa kwenye ratiba ya Januari. Mkono mmoja haulei mwana, na sisi tulimwachia alee peke yake. Hata safari aliyoahidiwa ya kwenda kuwaona wanafunzi wale iliahirishwa mpaka ikasahauliwa.

Mwezi uliopita ilifika kanda ya kumuaga. Walimsalimu, wakawaulizia watoto wake kwa majina, kisha msichana mmoja akauliza: "Januari tutamsalimu nani?" Bi. Jedida alirudisha kanda nyuma, akatusikilizisha tena pale pale, akatutazama walimu mmoja mmoja. Kila mtu alishughulika na kikombe chake.

Bi. Jedida, ahsante kwa kazi, kwa kicheko na kwa uvumilivu wako kwetu. Uendako Machakos, Mungu akupe afya, mvua ya kutosha na wajukuu wa kukuchosha. Tunakuombea maisha ya heri na raha. Ile kanda umetuachia mezani, katika chumba cha walimu. Upande wake wa pili ni mtupu, na hatuna wa kuurekodi.